Kabla ya kununua sumu, mjue panya wako: buku, panya shamba na hamsta wa Ulaya

Wiki hizi ukipita kwenye maduka ya pembejeo ya Tunduma, Mlowo na Vwawa utawaona watu wametoka na vitu viwili: mfuko wa mbegu ya mahindi na kipakti cha sumu ya panya. Na swali ninaloulizwa kuliko yote kuanzia mwezi wa kumi ni hili: "Bwana shamba, sumu ipi ni kali?" Nami huuliza, panya gani? Wengi hucheka. Panya ni panya, bwana shamba!

Panya si mmoja. Kila aina ina mahali pake pa kuishi, chakula chake na kasi yake ya kuzaa. Usipojua unapambana na yupi, utatumia hela yako kumuua asiyekudhuru, na yule anayefukua mbegu zako ataendelea kula.

Nilikumbuka hayo mama mmoja muuza karanga wa hapa Tunduma aliponitumia picha kwenye simu. Mnyama mkubwa, karibu sawa na sungura mdogo, mkia mrefu wenye ncha nyeupe, mashavu yamevimba kama ya mtoto aliyeficha maandazi. Alinaswa kwenye mtego wa waya nyuma ya stoo. Kijana wake alimwambia huyo ni hamsta, amewaona kwenye video, Wazungu wanawafuga ndani. Mama akauliza maswali mawili kwa mpigo: ni hatari? Na je, anauzika?

Si hamsta. Huku kwetu hakuna hamsta wa porini, wala Afrika kusini mwa Sahara yote. Hamsta ni wanyama wa Ulaya na Asia: wafupi, wanene, mkia mdogo usiofika hata urefu wa kidole. Makazi yao ya asili ni nyika zenye nyasi na mashamba ya nafaka, ardhi ngumu kiasi isiyotuamisha maji, kwa sababu wanaishi mashimoni na wengine hulala humo miezi mingi ya baridi. Wale wa rangi ya dhahabu wanaofugwa vizimbani dunia nzima, asili yao kubwa ni mama mmoja na watoto wake waliochimbuliwa kwenye shamba la ngano karibu na mji wa Aleppo, Syria, mwaka 1930.

Mnyama wa kwenye picha ni panya buku. (Si ile buku ya elfu moja, ingawa ukiendelea kusoma utaona kuna wanaodhani ni hela.) Kilichomchanganya kijana ni vile vifuko vya mashavuni. Hamsta anavyo na buku anavyo. Ndani ya mashavu kuna mifuko ya ngozi ambayo mnyama huijaza karanga, mahindi au mbegu za porini mpaka uso unapanuka, kisha anakimbia shimoni kumwaga ghalani mwake na kurudi kupakia tena. Kama bodaboda wa mpakani, hapendi kurudi bila mzigo.

Sasa tuangalie anapoishi, maana hapo ndipo penye faida kwako. Buku ni panya wa kivuli na unyevu. Hapendi jua wala joto, hutoka usiku. Utamkuta kwenye misitu ya miombo ambayo bado haijaishia kwenye tanuri la mkaa, kando ya mito na vijito, chini ya magogo, kwenye vichuguu vya zamani na kwenye mashamba ya kahawa ya Mbozi yaliyochanganywa na migomba. Shimo lake ni kubwa, mkono wa mtu mzima unaingia (usijaribu, anang'ata vibaya), na mara nyingi lina milango zaidi ya mmoja. Ndani ana chumba cha kulala na ghala, na ana tabia ya kukusanya hata visivyolika. Usishangae ukichimbua ukakuta vifuniko vya soda. Uzito wake hufika kilo moja au zaidi. Kuzaa kwake ni kwa taratibu: mimba mwezi mmoja hivi, na watoto kwa kawaida hawazidi watano.

Je, anaiba? Anaiba. Sitakudanganya. Karanga zilizong'olewa zikalazwa shambani usiku anazibeba, mihogo iliyo karibu na kichaka anaitafuna, na mahindi yaliyoanguka anayaokota. Lakini hesabu yake ni ndogo, tena dawa yake ni rahisi: usilaze karanga shambani, na kama amezoea stoo yako, mtego wa kizimba wenye ndizi mbivu ndani unamtosha.

Mwizi mkubwa ni mwingine. Panya shamba ni mdogo, rangi ya kahawia, unaweza kumfunika kwa kiganja. Makazi yake ni pale tunapomtengenezea sisi wenyewe: shamba lenye mabua yaliyoachwa, kipande kilicholazwa msimu uliopita kikaota nyasi, mpaka wa shamba usiofyekwa. Shimo lake ni jembamba na huwa limejificha chini ya nyasi. Jike ana chuchu nyingi kuliko panya wengine, zinaweza kufika 24, na nazo zina kazi: anaweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, baada ya mimba ya siku 23 hivi. Mvua ikiotesha majani mabichi naye anaanza kuzaa, na mwaka wenye mvua nzuri ndefu ndio mwaka wa mlipuko. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) pale Morogoro wamemfuatilia huyu kwa miongo kadhaa, na makadirio yanayotajwa sana ni kwamba panya hupoteza kati ya asilimia 5 na 15 ya mahindi ya nchi hii kwa mwaka. Katika mwaka wa mlipuko shamba moja linaweza kufukuliwa karibu lote.

Hatari yake kubwa ipo katika vipindi viwili. Cha kwanza ni tangu siku unayopanda mpaka kama wiki mbili baadaye, anapofuata mstari shimo kwa shimo akifukua mbegu na kukata miche. Cha pili ni mahindi yanapokomaa. Katikati ya hapo mahindi yakishasimama madhara hupungua sana. Kwa hiyo anayeweka sumu mwezi wa pili kwa sababu amemwona panya anapita, anatupa hela.

Msimu uliopita niliitwa kwenye kijiji kimoja cha Momba. Mzee mmoja alikuwa amepanda ekari tatu, na baada ya siku nane mistari mizima ilikuwa haina kitu. Aliona mashimo makubwa kando ya kijito, akasema adui ndiye huyu. Akanunua sumu isiyo na lebo kwa muuzaji wa kutembeza, akachanganya na pumba, akaweka kila mlango wa shimo. Asubuhi alikuta buku wawili wamekufa, akafurahi. Mchana kuku wake 14 walikuwa wamelala chini, na jioni mbwa. Mjukuu wake wa miaka minne alikuwa ameshika kopo la pumba. Bahati nzuri bibi yake alimwona kabla hajapeleka mkono mdomoni.

Na mahindi? Yaliendelea kufukuliwa. Nilitembea naye mstari kwa mstari tukihesabu mashimo matupu. Upande wa kijito, palipokuwa na buku, mbegu nyingi zilikuwa zimeota. Upande wa pili, unaopakana na shamba la jirani lililolazwa miaka miwili, hatukukuta mche mmoja katika hatua ishirini za kwanza. Tulifyeka kipande kidogo cha nyasi zile na vishimo vyembamba vilikuwa vimejaa kama chujio. Mzee alisimama kimya, kisha akasema, "Kumbe nimemkamata aliyekuwa na mlango mkubwa." Alirudia kupanda karibu ekari nzima kwa mbegu ya kukopa. Kuku hawakurudi.

Hiyo ndiyo sababu nakuomba uchunguze kabla ya kununua. Shimo likiwa kubwa linaonekana na linalaumiwa. Tembea shambani asubuhi na mapema, angalia uharibifu umeanzia upande gani, kisha angalia kuna nini upande huo. Kwale na kunguru nao hufukua mbegu, lakini wao hufanya kazi mchana na huacha alama za kucha kwenye udongo. Ukikuta vichuguu vya udongo mpya bila shimo lililo wazi, na viazi vimeliwa kutokea chini, huyo ni fuko, na chambo cha juu ya ardhi hakimhusu. Kwa ninyi wa mpunga wa Kamsamba, mashina yaliyokatwa kwa ulalo kando ya matete mara nyingi ni kazi ya ndezi.

Kuhusu sumu yenyewe. Ile ya unga wa kijivu uliokoza, yenye harufu kama ya kitunguu saumu, ni zinki fosfaidi. Ikifika tumboni inakutana na asidi na kutoa gesi ya fosfini, na haina dawa ya kuipindua. Kuku anayedonoa chambo anakufa vilevile kama panya. Zipo nyingine zinazozuia damu kuganda. Hizo hukaa mwilini mwa panya kwa muda, na paka au bundi akimla panya huyo anameza na sumu. Najua bundi hapendwi, wengine mkimsikia juu ya bati mnakosa usingizi. Lakini usiku kucha kazi yake ni kukamata panya shamba, wala hakudai mshahara. Ukimuua kwa sumu umejiongezea kazi.

Mtu akimeza sumu ya panya, usimpe maziwa wala mafuta, na usimtapishe. Mkimbize kituo cha afya ukiwa na pakiti yenyewe mkononi ili mganga ajue ni nini. Ndiyo maana nakataza vipakti visivyo na lebo: hata mganga hatajua aanzie wapi. Nunua dawa iliyosajiliwa, kwa duka lenye kibali. Na kama panya wamekuwa wengi kupita kiasi, toa taarifa mapema kwa afisa ugani au mtendaji wa kijiji. Mlipuko hauzuiliki na mtu mmoja. Ukisafisha wewe peke yako, panya wa jirani watahamia kwako.

Narudi kwa Wazungu na hamsta wao, kwa sababu yaliyowapata yanatuhusu sisi wa mahindi. Hamsta wa porini wa Ulaya alikuwa mwingi mno. Wakulima walimchukia, wakamtega na kumwekea sumu, na ngozi yake ikauzwa. Baadaye mashamba yakawa makubwa ya zao moja, mipaka ya nyasi ikalimwa yote, na mnyama akaanza kupotea. Mwaka 2011 mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Ufaransa imeshindwa kumlinda hamsta wa jimbo la Alsace. Mwaka 2020 aliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama walio hatarini kabisa kutoweka. Yaani kwa maisha ya watu wachache tu, kutoka kulipwa kumuua hadi kulipwa kumwachia chakula shambani.

Kilichonishangaza zaidi ni utafiti wa Strasbourg uliotolewa mwaka 2017. Watafiti waliwalisha hamsta wa kike mahindi kama chakula kikuu. Walizaa kama kawaida, lakini wengi wao wakawala watoto wao wakiwa hai. Waliolishwa ngano waliwalea. Chanzo kilikuwa upungufu wa vitamini B3, ambayo mwili hauwezi kuipata vizuri kwenye mahindi. Walipoongezewa vitamini hiyo, akina mama wakalea watoto wao.

Usiseme hayo ni mambo ya panya. Binadamu anayekula ugali mtupu muda mrefu hupata ugonjwa huohuo wa upungufu: ngozi inababuka palipopigwa na jua, kuhara, na akili kuvurugika. Mwaka 1990, hapo Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe tunaopakana nao kule Ileje, wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliugua baada ya mgawo wao wa karanga kukatika. Karanga tu. Kwa hiyo ninapokuambia uchanganye maharage na karanga kwenye mahindi, sifuati mtindo wa semina. Na hata mtoto anayeshiba ugali kila siku anahitaji hizo karanga kabla hujazipeleka zote sokoni.

Mipaka nayo ina mafunzo yake. Fyeka nyasi ndani ya shamba na vipande vilivyolazwa vinavyokuzunguka, kwa sababu hapo ndipo nyumbani kwa panya shamba. Lakini kando ya mto paache na miti yake. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza kulima ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na mtu akilima mpaka majini anachofanya ni kumfukuza buku na kumkaribisha panya shamba, kwa sababu mwenye kivuli ataondoka na mwenye kupenda mabua atahamia. Tena buku hufukia mbegu za miti ya porini akasahau nyingine, nazo huota. Ni mpanda miti asiye na mradi.

Sasa lile la hela. Kuna uvumi vijijini kwamba Morogoro wananunua panya buku, na kuna vijana wameshaniuliza bei kwa kilo. Ukweli ni huu: shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens na linalofanya kazi pamoja na SUA tangu mwaka 2000, linafundisha buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Buku ni mwepesi kiasi kwamba hakanyagi bomu likalipuka. Walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena mabomu ya ardhini yanayojulikana. Buku mmoja aitwaye Magawa, mzaliwa wa Tanzania, aligundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 kule Kambodia, akapewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza mwaka 2020. Alikufa Januari 2022, mstaafu. Lakini panya hao wanazalishwa palepale kituoni, wanazoeshwa na watu tangu wakiwa na wiki chache, na mafunzo huchukua miezi tisa hivi au zaidi. Buku mzima uliyemtega nyuma ya stoo hatajifunza kitu zaidi ya kukung'ata kidole. Yule mama nilimwambia amwachie mbali na mji, kando ya kijito chenye miti. Alisikitika kidogo.

Kwa maandalizi ya msimu huu: elewaneni kitongoji kizima mpande ndani ya wiki moja au mbili, maana shamba linalopandwa peke yake ndilo linaloliwa. Ondoa mabua wiki tatu kabla. Siku unapopanda, chimbia ndoo kando ya upande uliolazwa, mdomo usawa wa ardhi, maji hadi nusu, na juu yake utie pumba kidogo zielee. Panya shamba anadhani ni pumba kavu. Ndoo nne au tano za kupokezana na majirani kwa wiki mbili zinafanya kazi kubwa. Zifunike mchana kwa ajili ya watoto na vifaranga.

Kwa wenye stoo, panya wenu ni yule wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko mwili. Mifuko ya kinga njaa inazuia wadudu, haizuii meno. Pandisha magunia kwenye chaga, yaache mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, na kama unatumia kihenge, kiinue mita moja na uvishe nguzo zake bati lenye umbo la koni. Zile tembe za kufukizia nafaka ni kazi ya mtu mwenye kibali. Zinatoa gesi ileile ya fosfini, inapita kwenye nyufa za ukuta, na kuna watu wamelala chumba cha pili wasiamke. Usilale, wala usimlaze mlinzi, kwenye jengo lenye magunia yaliyofukizwa.

Na panya uliyemuua usimshike kwa mkono mtupu. Homa ya mgunda iliyotangazwa Lindi mwaka 2022 huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Vaa glovu au mfuko wa plastiki mkononi, wazike kina cha jembe mbali na kisima, maji ya ndoo za mtego yamwage kwenye shimo hilohilo, kisha unawe kwa sabuni.